Hodi ya Kwanza

Nyumba aliyozaliwa Bi Shufaa, na mamaye kabla yake, ilikuwa imeuzwa, na funguo alishamkabidhi Tauhida, mnunuzi. Alikuwa amefika kona ya mtaa alipokumbuka kuwa mbuzi yake ya kukunia nazi imebaki jikoni.

Akarudi. Mkono ulipogusa mlango, akasita. Tangu azaliwe hajawahi kupiga hodi hapa.

“Hodi,” akasema, kwa sauti ya mgeni.

“Karibu, mama, ni kwako hapa!” Tauhida akauvuta mlango kutoka ndani. Ukagoma. Akavuta tena kwa nguvu.

“Usishindane nao, mwanangu, mvua huuvimbisha. Unyanyue kidogo, nami nausukuma.”

Basi mmoja ndani, mmoja nje, wakaunyanyua pamoja mlango ule mzee, Bi Shufaa amelaza shavu ubaoni.