Mchezo Ambao Gazeti Halikuupendekeza

Fundi viti aliusoma ukurasa wa burudani mara mbili, akaukunja, akauchomeka chini ya mguu mfupi wa meza yake. Meza ikaacha kuyumba. Hiyo ndiyo faida pekee aliyoiona katika mapendekezo ya gazeti ya wikiendi hii.

Shida yake ilibaki palepale. Mshonaji wa mlango wa pili, mjane kama yeye alivyokuwa mgane, alikuwa amekubali. Baada ya visingizio vya kila aina, mara sare za shule, mara cherehani inakata uzi, hatimaye alisema sawa, Jumamosi mchana watoke wakatazame mchezo, na fundi ndiye achague. Ila alitoa sharti, akalitoa pini zikiwa mdomoni.

"Nikipiga miayo hata mara moja, jirani, basi. Usinigongee tena mlango."

Alikuwa hatanii, na fundi alilijua hilo. Tangu amzike mkewe, fundi alikuwa akila amesimama. Mtu aliyetengeneza viti vya nusu ya mji, kukaa mezani peke yake kulimshinda.

Kwa hiyo alilitazama gazeti kama mtu anayetafuta mwiba kwenye samaki. Mchezo wa kwanza uliosifiwa ulikuwa opera katika ukumbi mkubwa, malkia anakufa huku akiimba, na kufa kwenyewe kunachukua mchana mzima. Viti vya ukumbi ule alivipiga msasa na kuvivika yeye. Sponji nene iliyonunuliwa kwa ajili ya watazamaji iliishia kwenye sofa la nyumbani kwa mkurugenzi, watazamaji wakaachiwa nyembamba kama mkate uliokaliwa. Mwanamke atawezaje kupendezwa na lolote huku kiuno kinamuuma?

Wa pili ulikuwa mchezo wa mapenzi. Mhariri aliusifia mno, na mhusika mkuu alikuwa shemeji yake mhariri. Fundi hakuhitaji kuambiwa zaidi.

Wa tatu ulikuwa kichekesho, na huo hakuusema vibaya. Aliuona na marehemu mkewe, mwaka ule kabla hospitali haijaanza kuwaambia kwamba mashine imo njiani. Mashine haikufika. Aliyeiagiza alipandishwa cheo.

Basi akachagua mchezo wake mwenyewe.

Binti yake alipopita kumnyooshea shati, akauliza wanakwenda wapi. Alipotajiwa, aliiweka pasi chini taratibu. Alimwambia baba yake atajiaibisha, watu huwa hawampeleki mama wa watu mahali kama pale. Fundi akamjibu kwamba viti vya pale ni vya ngozi halisi, na kiingilio hakuna.

Jumamosi mshonaji alitoka na gauni la kijani, la kujishonea. Walipofika alisimama mlangoni, akainua macho, akakisoma kibao, akamgeukia fundi.

"Jirani. Hapa?"

"Ingia kwanza."

Mlinzi alipekua mkoba wake, akamnyang'anya mkasi, akawaelekeza ngazi za juu wanakokaa watazamaji. Viti vilikuwa vya ngozi kweli. Pazia halikuwapo. Kengele ililia, walio chini wote wakasimama, akaingia mmoja mwenye joho jekundu na mkufu mzito shingoni. Mshonaji alinong'ona kwamba kitambaa ni cha bei mbaya lakini mkono wa kushoto umeshonwa kinyume. Fundi akasema aliyepewa kazi hiyo lazima ni mpwa wa mtu.

Akainuka mwembamba mmoja, akaulilia mtaa wake unaoogelea kwenye maji machafu. Alilia vizuri, leso mkononi, hadi simu yake ilipoita. Akaipokea, akacheka nayo, akaikata, akaendelea kulia kuanzia palepale. Wawili wengine walitukanana hadi ukoo, kisha wakagawana biskuti chini ya meza. Maneno yao waliyasoma kwenye karatasi, hakuna aliyejisumbua kukariri. Mmoja alisoma ukurasa uleule mara mbili, wenzake wakampigia meza mara mbili. Nyuma kabisa kulikuwa na mnene aliyekoroma, na kila mwenye joho alipouliza jambo, mnene aliinua mkono bila kufumbua macho, na kundi zima likaitikia ndiyo kwa sauti moja tamu.

Fundi hakuwatazama. Hao alikuwa amewazoea. Alikuwa akiutazama mdomo wa jirani yake.

Mwenye joho akaanza hotuba ndefu. Kidevu cha mshonaji kikashuka. Midomo ikaachana kidogo, kisha zaidi. Fundi akafumba macho. Haya, alijiambia, yamekwisha, nimeyataka mwenyewe.

Ikasikika sauti kama shuka linalochanwa.

Mshonaji alikuwa anacheka. Alicheka amejiinamia kwenye ukingo wa mbao, akaupachika mtandio mdomoni, kicheko kikatokea puani. Mlinzi alikuja kumtaka anyamaze, akaangalia chini mara moja tu, akageukia ukuta mabega yakimtikisika.

Walipotoka alirudishiwa mkasi wake. Alifuta macho, akaupitisha mkono wake kwenye mkono wa fundi bila kuombwa, wakashuka ngazi za nje hivyo, mbele ya macho ya watu.

"Nataka kuja tena," alisema. "Wachezaji hawa wapo mpaka lini?"

"Usiwe na haraka," fundi alimwambia. "Hawa tunao mpaka uchaguzi ujao."