Kikapu cha Mwenyekiti

Mwaka ule homa ilipofunga soko la wanyama, Kanga, mwenyekiti wa kikundi cha majirani, aliagiza kila asiye na chakula atundike kikapu kitupu mlangoni. Kindi alivipitia akivijaza mihogo ya kikundi. Kwa Kanga hakukuwa na kikapu, na kila jioni moshi ulifuka.

Jioni moja Kindi alisimama mlangoni kwake. "Mama Mwenyekiti, umepika nini? Mbona hakuna harufu?"

Kanga akafunua sufuria. Yalikuwa maji matupu. "Wanangu wakiona moto, wanatulia. Nitaanzaje mimi kutundika kikapu?"

Kindi akaondoka. Usiku ule alimwomba kila jirani jambo moja.

Asubuhi Kanga alikuta kila mlango una kikapu, hata wa Tembo mwenye ghala lililojaa. Uliobaki bila kikapu ni wake tu.

Akaenda kuchukua kikapu.