Shikamoo ya Ajuza

Mbaruku alikuwa akipita tu katika mji ule. Jua lilikuwa la utosi na maji yalimwishia njiani, basi akapiga hodi kwenye nyumba ya kwanza, akaomba ya kunywa. Akatoka ajuza aliyepinda mgongo, kata ya maji mkononi. Mbaruku, kijana wa miaka thelathini, akafungua kinywa amwamkie, lakini ajuza akamtangulia.

"Shikamoo, baba," akasema, akapiga goti.

Mbaruku akaona haya. "Lo, bibi! Mimi ndiye wa kukuamkia wewe."

Ajuza hakuinuka. Nyuma yake mkwewe alikuwa akipeta mchele, na ungo ukamponyoka. Kuku wakaukimbilia mchele, hakuna aliyewafukuza.

"Muitikie, kaka yangu," mkwe akasema kwa sauti ndogo. "Hapa mjini hakuna anayemzidi umri. Tangu niolewe nyumba hii, sijamsikia akimpa mtu shikamoo. Baba yake alisafiri yeye akiwa na miaka sita, asirudi tena. Alimwambia anakwenda kumnunulia viatu."

Neno la kuitikia Mbaruku alilijua tangu utotoni, ila hajapata kuliona zito namna hii. Akainama, akamshika ajuza mabega.

"Marahaba, mwanangu."

Ajuza akaweka kata chini, maji yakiwa bado pomoni. Akaketi kizingitini, akanyoosha miguu yake mikavu, vidole vikichezacheza, akangoja.

Mbaruku akapiga goti vumbini, akaanza kufungua kamba za viatu vyake.