Vipepeo wa Dirishani

Mshonaji alimchoma kipepeo pini ya kichwa cheupe, akamkaza kwenye ua la sanduku la dirishani, akarudi ndani kwa ncha za vidole baba yake asiamke.

Haya yalikuwa machipuko ya tatu. Ya kwanza, miguu ya mzee ilipokataa kazi, alishinda kitini, kamera mapajani, akiyatazama maua yasiyotembelewa hata na inzi. Chakula hakukitaka. Mtu aliyepiga picha vipepeo wa mwituni tangu ujana wake! Binti akaona afadhali kumdanganya kuliko kumzika. Akakata mabaki ya hariri, akashona mabawa. Macho ya mzee yalishaanza kuingia ukungu, asingetambua.

Uongo ule ukamfunga yeye mwenyewe. Kaka yake, mwenye bustani na nyumba isiyo na ngazi, alipiga simu kila mwezi kumsihi baba akahamie kwake. Jibu halikubadilika: vipepeo wangu wako hapa. Na mshonaji alikuwa ameitwa mji mwingine, awe mkataji mkuu wa duka kubwa la nguo. Barua ya tatu ilisema ajibu leo, la sivyo nafasi apewe mwingine.

Mzee aliamka, akafunga lenzi ndefu kwenye kamera, akalenga dirishani.

"Wa leo kaumbwa, mama," alisema. "Fundi wake hakulipua kazi."

"Mungu hana papara, baba."

"Wala huyu hana," mzee akajibu, akabonyeza.

Maji yalikuwa yamemfika mshonaji shingoni. Aliamua kusema kweli kabla jua halijatua, hata kama kweli hiyo ingemvunja mzee. Basi mzee aliposinzia, alivuta boksi la picha lililokaa chini ya kiti, zile ambazo jirani alizipeleka kusafishwa. Hakuwahi kuzitazama; aliona haya. Sasa alitaka moja tu ya kumwonyesha pini, maana maneno yangemkwama.

Pini ilionekana waziwazi katika kila picha. Mishono pia, mmoja mmoja.

Aligeuza ile ya juu kabisa. Nyuma yake, kwa mwandiko wa baba uliotetemeka, paliandikwa: "Wa arobaini na moja. Mshono umenyooka kuliko wa juma lililopita. Nikihamia kwa kaka yake, masikini, atamshonea nani?"