Sauti Iliyobaki Redioni

Mtangazaji akiacha kazi, sauti yake hubaki redioni, naye hupewa nyingine ya kutumia. Ndiyo sheria, wala hakuna mtangazaji anayeishangaa tena. Mwanakombo aliikubali. Alikuwa amechoka kusoma habari asizoziamini, akajiunga na chama cha kujitolea kinachohifadhi nyimbo za unyago zisipotee. Nyumba ya kwanza kwenda ilikuwa ya mama yake, Bi Mize, ambaye haoni tena.

"Hodi!"

"Karibu, mgeni."

"Shikamoo, mama. Ni mimi, Mwanakombo."

Bi Mize akacheka. "Matapeli hamwishi. Mwanangu huyo hapo, msikilize."

Redioni, ile sauti ilikuwa ikisoma habari za mchana. Mwanakombo alimshika mkono mama yake. Mama akauchomoa, akauficha ndani ya kanga.

Mwanakombo akawasha kinasa sauti. "Basi niimbie japo wimbo mmoja, bibi."

"Mtu baki haimbiwi nyimbo za unyago. Hizo namwekea mwanangu. Siku atakayochoka na redio, atakuja mwenyewe kuzichukua. Sasa nyamaza, nimsikie."