Aliyeingia kwa Mlango wa Uani

Ndimu ilikuwa imegeuka ukwaju.

Malati alisoma tena. Alikuwa ameandika kwenye tovuti yake kwamba marehemu mama mkwe wake alikuwa akisugua vyombo vya shaba kwa ndimu na chumvi. Sasa ukurasa ulisema ukwaju. La kuudhi zaidi, ulikuwa ukwaju kweli. Yeye ndiye aliyesahau.

"Mtu ameingia tena," alinong'ona kwenye simu.

"Shangazi, labda ni roboti tu," alijibu Rucha, binti wa kaka yake, anayesomea kompyuta mjini Pune.

"Roboti gani inajua mambo ya ukwaju?"

Tovuti yenyewe Rucha ndiye aliyemfungulia, likizo iliyopita, kwenye kompyuta kuukuu ya dukani kwa mumewe, ile inayotoa risiti. Waliiita Mlango wa Uani. Humo Malati huandika mambo ya nyumbani kwa jina la kubuni: ukali wa mama mkwe, umbea wa wifi yake Kusum, na mume anayerudi kutoka dukani, akala, akawasha kriketi, asiseme neno mpaka usingizi umchukue. Wanawake asiowajua humsoma na kumwandikia kwamba hata kwao ni hivyo hivyo. Hakuwa na kitu kingine duniani kilicho chake peke yake. Kusum akijua, mji mzima wa Sangli utajua kabla chai haijapoa, na mlango utafungwa.

Wiki iliyofuata, mtu mmoja aliyezoea kumtukana chini ya kila chapisho alikuwa amefukuzwa, na matusi yake yamefutwa yote.

"Mwizi gani anafagia nyumba?" Malati aliuliza.

"Wadukuzi wajanja hufanya hivyo hivyo. Wanawatimua wenzao kwanza, halafu nyumba wanaichukua wao. Usicheke, shangazi."

Malati hakuwa anacheka. Wali ulimwungulia. Alianza kulala na simu chini ya mto.

Kisha ikaja habari ya harusi. Aliandika kwamba siku ya harusi yake mpiga ngoma alikuwa amelewa chakari. Asubuhi alikuta mlevi amekuwa mpiga tarumbeta. Alikaa kitandani. Aliyelijua hilo alikuwapo harusini.

Kusum alikuwapo.

"Mbona umekonda, wifi?" Kusum alimuuliza siku hiyo hiyo, akichovya biskuti kwenye chai. "Una siri gani? Hata kaka yangu naye kabadilika. Kanunua miwani ya kusomea, mtu ambaye hata gazeti hufungia vyombo tu. Nyumba hii mna nini?"

"Hatuna kitu," alisema Malati, na maziwa yakafurika jikoni.

Jumamosi Rucha alipanda basi akaja. Alifungua kompyuta yake ndogo mezani, akakunja mikono ya blauzi.

"Haya. Pasiwedi yako ni nini?"

Malati alitikisa kichwa.

"Shangazi, mimi si mtu baki."

"Najua. Siwezi kuitaja."

"Basi iandike."

"Karatasi itaokotwa." Alimshika mkono akampeleka roshani, akamwonyesha kwa kidevu kibao cha duka lao, ng'ambo ya mtaa. Herufi nyekundu, kubwa, zinazosomeka tangu kituo cha basi: PANDURANG NA MWANAWE, VYOMBO VYA SHABA.

Rucha alicheka mpaka akashika ukuta. "Jina la anko! Shangazi, lipo kwenye kibao! Lipo kwenye risiti! Lipo kwenye kila mfuko mjini!"

"Halijawahi kutoka mdomoni mwangu," Malati alisema, uso unamwaka. Miaka thelathini alimwita mumewe Baba Nilesh, kwa jina la mtoto wao, au alisema tu "unasikia?", kama alivyofanya mama yake na kila mke wa heshima aliyemjua. "Neno ambalo silitamki hata nikiwa peke yangu, nani angelijua?"

Hakumwambia Rucha lililobaki: kwamba kila asubuhi, akiliandika herufi kwa herufi, aliona haya kidogo na raha kidogo.

Rucha aliliondoa. Aliweka nywila ndefu isiyo na maana yoyote, herufi na tarakimu zimevurugwa, na akapanga kila jaribio la kuingia limpigie shangazi kengele kwenye simu. "Sasa acha aje," alisema, akarudi Pune.

Mdukuzi alikuja Jumatatu alasiri. Kusum alikuwa amekaa palepale, akisimulia mahari ya watu, na simu ikalia. Mtu anajaribu nywila ya zamani. Ikalia tena. Na tena. Malati alimtazama Kusum, tayari kumrukia.

Mikono yote miwili ya Kusum ilikuwa kwenye kikombe.

"Si upokee?" alisema Kusum. "Huyo mtu ana haja na wewe."

Simu ililia mara nyingine, taratibu zaidi, kisha ikanyamaza. Kama si Kusum, ni nani? Malati alihesabu kichwani waliokuwapo harusini; nusu yao walishakufa. Alikata biringanya vibaya, akajikata na kidole. Alitamani kuifuta tovuti nzima apumzike, akaona hawezi.

Jioni Baba Nilesh alivuka mtaa, akapanda ngazi, akanawa, akaketi. Malati alimwekea mkate wa mtama na biringanya. Akangoja asikie kelele za kriketi, lakini televisheni haikuwashwa. Mumewe alivua ile miwani mpya, akaifuta kwa pindo la shati, akaiweka kando ya sahani.

"Hata huko nako," alisema bila kumtazama, "jina langu umeliondoa?"