Koti la Mwanzilishi

Koti lilikataa tumbo la Kamanda. Alivuta pumzi mpaka macho yakamtoka. Wapi!

"Usilivute, afande, utalichana," fundi alisema.

Mama wa watu alikuwa ameletwa kambini na askari sita wenye bunduki, utadhani cherehani yake inauma. Mwanawe alikuwa mahabusu wiki ya tatu sasa. Kosa lake? Kucheka gwaride. Kamanda aliahidi: koti likimtosha kabla ya sherehe ya saa sita, kijana anatoka. Lisipomtosha, shauri yake.

"Unajua umeshika nini?" Kamanda aliuliza. "Siku ikulu ilipovamiwa, walinzi wengine wote wa mfalme waliuawa. Mwanzilishi wetu peke yake alipita katikati ya maadui, koti hili mwilini, akaja kuunda kikosi hiki."

"Wakamwacha apite?"

"Walimwogopa!"

Fundi aliinamia mshono. Kicheko kilimpanda, akakimeza. Mtoto bado yuko ndani.

"Tazama mabega yalivyo membamba, lakini kifua kimejaa! Wanaume wa zamani hao. Na vifungo viko kushoto. Kikosi kizima tunafunga hivyo mpaka leo, kwa kumuenzi. Miaka themanini!"

"Naona, afande. Babu yangu ndiye aliyelishona."

"Kumbe! Basi alimpima shujaa mwenyewe!"

"Mwenye koti alimpima, ndiyo."

Aliongeza kitambaa ubavuni, huku na huku. Saa tano na nusu vifungo vilifunga. Kamanda akajigeuza mbele ya kioo kama bi harusi, akaridhika, akapiga kelele kijana aletwe.

Aliletwa amekonda, mdomo umepasuka. Mama alimshika mkono, hakugeuka nyuma wala hakufungua kinywa mpaka walipovuka lango, wakavuka na barabara. Nyuma yao tarumbeta zililia, na majitu mazima elfu mbili yakaanza kukanyaga lami, vifua mbele, vifungo kushoto.

"Mama, askari wamenipa mkono," kijana alisema. "Eti babu yako alimshonea shujaa wao."

"Shujaa gani, mwanangu? Vifungo kushoto ni vya kike; koti lile babu alimshonea yaya wa ikulu. Maskini bibi wa watu, mpaka anaingia kaburini alikuwa akilia kwamba mlinzi mmoja alimvua, akalivaa yeye, akakimbia nalo."